Tokeni ya Bungoma

Siku ya tatu baada ya kumzika Baba, nywele zikishanyolewa na wageni wengi wakishaondoka, wazee walizitoa nguo zake uani tugawane, kama ilivyo desturi yetu. Mashati yalikwenda kwa binamu, viatu kwa jirani mmoja aliyesaidia kuchimba kaburi. Likabaki koti. Hakuna aliyelinyoshea mkono. Lilikuwa koti zito la kazi ya reli, buluu yake imefifia hadi haina jina, na Baba alilivaa miaka yote tuliyoishi Mabanga, akilimia, akipalilia, kana kwamba mahindi nayo yanafuata ratiba ya treni. Senge, yaani dada yake Baba, mzee sasa wa kutembelea fimbo, akasema, "Hiyo mchome. Inanuka reri mpaka leo." Nikasema halichomwi. Nikalikunja nikaja nalo Kitale, ninakoishi na kuuza mbegu na mbolea.

Nyinyi wenzangu mliokulia karibu na reli mnaijua harufu ninayoisema. Grisi, mafuta mazito, masizi, chuma kilichopigwa na jua. Nililitundika koti nyuma ya mlango wa duka na wateja wakaanza kuniuliza kama siku hizi nauza na mafuta ya taa. Mimi si mtu wa kulia ovyo, waulizeni wanaonidai. Lakini nikilipita lile koti nilikuwa nashika kaunta kwanza.

Wiki ilipopita nikajipa moyo nikapekua mifuko. Mfuko wa kulia ndio niliouogopa, kwa sababu Baba aliupapasa kwa miaka mingi. Akizungumza anapapasa. Akinywa chai anapapasa. Alikuwa akitafuta kitu ambacho hakikuwemo, na katika dunia nzima ni mimi peke yangu niliyejua kiko wapi. Humo nikakuta karatasi moja tu, imekunjwa mara nne. Tiketi ya kiingilio, makumbusho ya reli, hapa hapa Kitale. Mtu mzima mmoja.

Nilikaa chini juu ya gunia la mbolea. Makumbusho yenyewe hayako mbali na duka langu, ni ghala kuukuu la mizigo kwenye stesheni iliyokufa, ambako watu waliostaafu reli walikusanya mabehewa, taa, kengele na injini ili visiuzwe kama vyuma chakavu. Nimepita mbele ya lango lile miaka na miaka nikitazama upande wa pili wa barabara. Nilijua kuna injini gani ndani. Ila sikujua kwamba Baba aliwahi kuingia.

Kabla ya Mabanga tulikuwa tunaishi Bungoma, kwenye landhi, zile nyumba za chumba kimoja kimoja za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa mtu wa tokeni. Stesheni masta wetu, Mzee Swalehe, mtu wa swala tano asiyepandisha sauti, ndiye aliyekuwa na mashine, sanduku jekundu la chuma lililosimama ofisini mwake. Akishapigiana kengele na stesheni inayofuata wakakubaliana kwamba njia iko wazi, mashine ilimtolea kipande kimoja cha shaba, ukubwa wa kiganja, kimechongwa jina BUNGOMA. Hiyo ndiyo tokeni. Baba aliipokea, akaitia kwenye kimfuko cha ngozi kilichofungwa kwenye pete kubwa ya henzirani, akampelekea dereva. Dereva asiye na tokeni haondoki. Reli ni moja, na huko mbele huenda kuna mwenzake anakuja.

Lakini mimi nilikuwa na miaka saba, na siyo hivyo nilivyoelewa. Baba alikuwa akinipakata jioni na kunitania, "Mayi, unajua? Bila hii kitu, hata rais akiwa ndani, gari haitoki Bungoma." Aliniita mayi, mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Yeye alicheka, mimi sikucheka. Nilijua sasa kwamba gari la moshi ni la baba yangu, na kipande kile ndicho ruhusa yake.

Na nilikuwa nimeelewa jambo jingine, baya zaidi. Mama mmoja wa mlango wa nne alipandishwa treni akiwa na blanketi, beseni na chupa ya chai, akaenda Nairobi. Alirudi ndani ya sanduku, kwenye behewa la mizigo. Baadaye mzee mmoja wa upande wa pili, blanketi, beseni, chupa ya chai. Naye akarudi kwenye behewa la mizigo. Wakubwa walisema ugonjwa. Mimi sikuuona huo ugonjwa, niliona treni tu. Kwa akili yangu, yeyote anayepanda na beseni, treni inamla.

Basi Mama akaanza kuvimba tumbo. Mwanzoni wanawake wa landhi walimtania kwamba ananitafutia ndugu, kisha wakaacha kumtania. Daktari wa Bungoma alimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Nairobi, na barua ilikuwa na siku yake, siku ambayo daktari wa kupasua angemwona. Senge alikuja kutoka Malakisi, vidole vyake vya njano kwa majani ya tumbaku, ili anitunze mimi na Baba. Asubuhi ya safari nilimkuta Mama anakunja blanketi. Akaliweka kwenye beseni. Akaweka chupa ya chai juu yake.

"Mama, unaenda na beseni?" nikauliza.

"Sasa nitanawia wapi, we mtoto? Kwa mkono wa dereva?" Mama akacheka, kisha akashika tumbo.

 Nilitoka mbio nikaenda stesheni.

Treni ilikuwa imeshaingia kutoka Malaba. Mzee Swalehe alimkabidhi Baba tokeni, niliona kwa macho yangu, na Baba akaitia kwenye kimfuko. Hapo Senge akamwita kutoka mwisho wa jukwaa, "Kuja umbebe bana, mimi siwezi peke yangu!" Mama alikuwa ameketi chini kwa maumivu. Sheria ilisema tokeni haitoki mkononi. Baba alitazama pete, akamtazama Mama, akaitundika pete kwenye msumari wa mlango wa ofisi, akakimbia. Ni kosa hilo moja tu alilofanya katika kazi yake yote, na alilifanya kwa sababu mkewe alikuwa chini.

Nilipanda juu ya mzani wa mizigo, nikafungua kifungo cha kimfuko, nikachukua tokeni, nikafunga tena. Pete ikabaki msumarini inaning'inia vile vile. Hadi leo najiuliza ni nani aliyenifundisha kukifunga kifungo.

Nyuma ya ghala la mahindi, kwenye reli ya pembeni iliyoota nyasi, kulikuwa na injini ya mvuke iliyoachwa huko kabla sijazaliwa. Watoto wa landhi tuliiita Kukhu, yaani nyanya, kwa sababu haikuenda popote na haikumfukuza mtu. Tulikuwa tukicheza nyumba ndani yake. Niliingia hadi kwenye tanuri, nikafukua masizi na majani ya viota vya ndege kwa mikono yote miwili, nikaizika tokeni chini kabisa. Kisha nikarudi jukwaani nikisubiri Baba aseme kwamba gari haitoki.

Baba alimlaza Mama kwenye benchi la daraja la tatu, akashuka, akachukua pete yake msumarini, akampelekea dereva. Dereva akafungua kimfuko kusoma jina, kama inavyotakiwa.

"Wee, si hii haina kitu?"

"Ati nini?"

"Haina kitu ndani, bana. Angaria mwenyewe."

Baba aliingiza mkono, akautoa, akauingiza tena. Kisha akapapasa mfuko wa kulia wa koti lake. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mzee Swalehe alikuja taratibu. "Mwanangu, si nimekupa mkononi?"

"Umenipa, Mzee. Nimeiweka ndani."

"Una hakika umeiweka?"

Baba akakifungua tena kimfuko, akachungulia. Nilimwona usoni akianza kutokuwa na hakika. Nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka kwake, mikono nyuma.

Walitafuta jukwaa zima, wakatafuta kati ya mawe na mataruma ya reli, wakamwaga hadi kikapu cha taka. Tokeni ikiwa nje, mashine haitoi nyingine. Ikabidi Mzee Swalehe apige simu stesheni inayofuata, na huko wapige mbele, na mbele wapige kwa wakubwa, hadi kibali cha karatasi kipatikane. Abiria walishuka wakakaa kivulini, wakatukana, wakanunua miwa. Treni iliyokuwa iondoke saa tatu asubuhi ilikuwa bado imesimama alasiri.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilipanda behewani nikakaa na Mama mchana kutwa. Jua lilipiga bati, behewa likanuka jasho na maganda ya ndizi, na Mama alikuwa akihema kwa vipande vipande, lakini alikuwa hapo. Alinishika mkono akaugeuza.

"Masizi haya umeyatoa wapi?"

"Kwa Kukhu."

Alinitazama kidogo. Akalowesha ncha ya leso yake kwa chai baridi akanifuta vidole kimoja kimoja, polepole, na leso ikabaki na alama nyeusi za vidole vyangu. "Usimsumbue baba yako leo," akasema. "Leo ana shida."

Saa kumi na moja kibali kikafika. Karatasi tu, imeandikwa kwa kalamu. Sikujua kama kuna karatasi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba gari linaweza kutoka kwa karatasi. Honi ikalia, mabehewa yakagongana, na niliposhtuka Senge alikuwa ananiteremsha kwa kwapa huku napiga mateke. Nilipiga kelele, "Lisiondoke! Baba, mwambie lisiondoke!" Wanawake wakasema, woi, masikini, anampenda mama yake.

Mama alifika Nairobi siku yake ikiwa imepita. Daktari wa kupasua alikuwa ameshamaliza orodha yake, wakampangia siku nyingine, na siku hiyo nyingine haikumkuta. Alirudi kwenye behewa la mizigo. Nilijua angerudi hivyo, ila sikujua kwamba ni mimi niliyemsogezea behewa. Hilo nililisikia matangani, kwa Senge, akimwambia mtu jikoni, "Kama si hiyo tokeni, angefika. Angefika na angepasuriwa." Nilikuwa nimeshika sahani ya ugali. Niliurudisha sufuriani, na hadi leo ugali wa matanga siuli.

Labda hata angefika mapema angekufa. Watu wazima niliowahi kuwauliza, bila kuwaambia kwa nini nauliza, wamenijibu hivyo. Lakini labda ni labda. Huwezi kuifanya mto ukailalia.

Baba alifukuzwa kazi. Tulipewa siku chache kuondoka landhi, tukarudi Mabanga kwenye shamba la babu, na walimwengu wakafanya kazi yao. Wengine walisema alikuwa amelewa, mtu ambaye hakuwahi kuonja hata busaa. Wengine walisema aliiuza tokeni kwa wauza shaba. Lililoniumiza zaidi ni kwamba Baba mwenyewe hakujua. Alikuwa akisimama katikati ya mahindi, jembe begani, akisema peke yake, "Nimeipokea. Nimefungua. Nimeiweka. Ama sikuiweka?" Na mkono unakwenda mfukoni. Leso ya Mama, iliyorudi na vitu vyake, aliikatalia kufuliwa. Ilikaa kwenye sanduku lake la bati na zile alama nyeusi.

Mnaniuliza kwa nini sikusema. Mficha uchi hazai, najua, methali nimezisoma pia. Nilipokuwa na miaka kumi nilikwenda kumwambia Baba, nikamkuta analia zizini, nikarudi. Nilipoolewa nikasema nitamwambia kabla sijaondoka, wakaja wageni na ng'ombe. Nilipoachika nikasema sasa tumekuwa wawili wenye aibu, nitamwambia, nikaogopa kwamba atanichukia na sina pengine pa kwenda. Mwaka ukaita mwaka. Ile Kukhu ilipopakiwa kwenye trela na kuletwa makumbusho ya Kitale, nilisimama mlangoni pa duka langu nikaiona inapita, imefungwa minyororo, nikajua imekuja kuniangalia. Nilifunga duka siku mbili nikasema ni malaria.

Miaka michache kabla hajafa, Baba alikuja Kitale siku moja bila kunipigia simu. Aliketi juu ya gunia hapo dukani, nikamtuma mtu alete soda, hakuinywa. Akaniambia, "Leta mikono." Nikampa. Akaigeuza viganja juu, akavitazama vidole kimoja kimoja, hata mteja mmoja akacheka akasema mzee anasoma bahati.

"Imekuwa mikubwa, mayi," akasema.

"Ni ya kazi, Baba."

"Ndiyo. Ni ya kazi." Akaikunja, akanirudishia kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Kisha akasema anataka kuwahi nyumbani kabla ya mvua.

Tangu siku hiyo hakupapasa mfuko tena. Niliona. Nilidhani ni uzee, kwamba amesahau hata alichokuwa akitafuta, nikamshukuru Mungu kwamba usahaulifu umemfikia. Mjinga mimi.

Basi na tiketi yake mkononi, na koti lake mabegani ingawa jua lilikuwa kali, nikaenda. Mtunzaji pale ni mwanamke wa umri wa binti yangu, mchangamfu, wa Kapsokwony kwa lafudhi yake. "Karibu sana, mathe. Uko na hiyo koti original kabisa!" Nikamwambia ni ya marehemu. Akapunguza sauti, akanitembeza. Taa za ishara, bendera, kengele, mashine nyekundu kama ile ya Mzee Swalehe. Na mwisho wa ghala, Kukhu, imepakwa rangi mpya nyeusi ya kung'aa, mdomo wa tanuri wazi. Niliinama nikachungulia. Wamelisugua likawa safi kuliko jiko langu.

"Hapo ndani tulipata kitu, wakati wa kuosha," mtunzaji akasema. "Kuja uone."

Ilikuwa kwenye sanduku la kioo. BUNGOMA. Nilidhani ni kubwa zaidi. Chini yake kulikuwa na kadi iliyoandikwa kwa herufi safi: *Tokeni ya stesheni ya Bungoma. Ilipatikana chini ya masizi ndani ya tanuri la injini hii. Ilifichwa na mfanyakazi wa stesheni, kwa kuwa hakutaka mke wake mgonjwa asafiri.*

Nikasoma tena. Nikashika kioo.

"Nani aliwaambia hivi?"

"Si ni yeye mwenyewe! Mzee mmoja alikuja, sisi tulikuwa tumeandika tu 'ilipatikana', hatukujua kitu. Akasimama hapo ulipo, karibu saa nzima. Akaniuliza, ilikuwa wapi? Nikamwambia, chini ya masizi. Akasema, masizi, masizi, kama mara tatu hivi. Nikaona analia. Nikamletea kiti. Halafu akaniambia, andika ni mimi niliificha. Nikamwambia, Mzee, si utajiharibia jina? Akasema jina lake lilishaharibika kitambo, halitaongeza kuoza, lakini kuna mtu anaweza kupita hapa asome, na huyo mtu amechoka."

Alikuwa amezikumbuka zile alama za leso. Alijua. Alitoka hapa na machozi yake akaja moja kwa moja dukani kwangu akaomba mikono. Alikuwa amenipa nafasi, soda ikiwa mbele yake, na mimi nikamwambia ni ya kazi. Kisha akaishi miaka mingine yote hiyo akinisubiri, nami nikimletea mbegu na sukari kila mwisho wa mwezi na kuzungumza naye habari za mvua. Baba yangu. Alinisubiri hadi akachoka, akafa. Hakuna mahali pa kupeleka maneno haya. Kaburi halina sikio, na hata lingekuwa nalo, maji yamemwagika.

Yule mwanamke alikuwa ananitazama, mara mimi, mara koti. Akachukua kadi na kalamu kutoka mezani, akasogea.

"Mathe, samahani nikuulize. Kuna watu huwa wanasema hii hadithi haijakamilika. Kama kuna kitu unajua, tunaandika tena, haina shida. Ulimjua huyo mzee?"

Kalamu ilikuwa hapo, karibu na vidole vyangu. Sentensi moja tu ilitosha. Hata jina halikutakiwa.

"Hapana," nikasema. "Simjui."

Nikatoka nje nikiwa nimevaa koti lake. Mara ya kwanza nilipomwachia kosa langu nilikuwa mtoto.